Msaada Hupimwa Mfadhili Akishaondoka

Ndau ni kisiwa kidogo kilichoko kaskazini mwa visiwa vya Lamu, baina ya Pate na Kiwayuu. Atokaye Lamu mjini huendea huko kwa boti. Hupita Mkanda, huambaa Pate, huziacha Faza na Kizingitini nyuma yake, na hatimaye huteremka katika kisiwa ambacho wengi wetu tuliosoma jiografia ya Kenya hatukuwahi kulisikia jina lake darasani. Wakazi wake ni Wabajuni, watu wa bahari tangu jadi. Bahari huwapa kitoweo na chumo, lakini haiwapi maji ya kunywa. Visima vya visiwa hivi aghalabu hutoa maji ya chumvi, na kwa sababu hiyo watu wa huko, kama wenzao wa Pate, hutegemea majabia, yaani mabirika makubwa yenye sakafu ya kukingia mvua, ili maji ya masika yawafikishe kiangazi.

Nilipokizuru kisiwa hicho, mzee mmoja alinitembeza mpaka penye jabia. Alinieleza jinsi watu wanavyokusanyika kabla ya mvua kufagia sakafu yake na kuziba nyufa, na jinsi wanavyokubaliana juu ya zamu za kuteka maji yanapopungua. Hatua chache kutoka hapo palikuwa na tangi juu ya nguzo za saruji, bomba, mfereji, na kibao kilichopauka kwa jua, chenye bendera ya nchi ya mbali. Niliufungua mfereji, haukutoa hata tone. Nikaambiwa kwamba kifaa fulani cha pampu kilivunjika, na hakikupatikana Lamu wala Mombasa. Mafundi walioijenga walikuwa wamekwisha kurudi kwao.

"Mwalimu," mzee aliniambia, "hili jabia likipasuka, namjua fundi wake na najua nyumba yake. Lile tangi limeharibika, nami sijui hata nimwandikie nani barua."

Maneno hayo sijayasahau. Nimehudhuria mijadala mingi ya wanafunzi wa shule za sekondari, na hoja ambayo haikosekani ni hii: misaada ya kigeni ina madhara kuliko manufaa. Upande mmoja husimama na kuhesabu hospitali, barabara na madawa. Upande wa pili husimama na kutaja utegemezi, ufisadi na masharti, na mara nyingi humtaja mwanauchumi wa Zambia, Dambisa Moyo, ambaye kitabu chake cha 2009 kiliishutumu misaada hiyo kwa ukali. Makofi hupigwa, mshindi hutangazwa, na kila mmoja huondoka na rai aliyokuja nayo. Mimi naona kwamba swali lenyewe huulizwa vibaya. Msaada si dawa wala si sumu kwa sababu tu ya kuitwa msaada. Lililo muhimu ni kujua, siku mfadhili atakapoondoka, ni nani atakayebaki na ufunguo, ujuzi na wajibu. Mzee wa Ndau hakulalamika kwamba msaada ulikuwa mdogo. Alilalamika kwamba haukuwa na mwenyewe.

Tuanze na haki, kwani si uungwana kukana mema tuliyotendewa. Mwaka 2006, Wizara ya Afya ya Kenya iligawa bure vyandarua vyenye dawa milioni 3.4 kwa watoto wadogo, kwa fedha zilizotoka hasa kwa wafadhili wa nje. Watafiti waliokuwa wakifuatilia wilaya nne, Kwale ikiwa mojawapo, walikuta kwamba mwaka 2004 watoto waliolala ndani ya vyandarua hivyo walikuwa asilimia 7 tu. Vilipouzwa kwa bei nafuu, idadi ilipanda ikafika kiasi cha asilimia 24. Vilipotolewa bure, ikafika asilimia 67, na tofauti baina ya mtoto wa tajiri na mtoto wa maskini ikakaribia kutoweka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba vifo vya watoto waliolala ndani ya vyandarua vilipungua kwa asilimia 44. Ni nani atakayethubutu kumwendea mama wa Kwale, ambaye mwanawe leo ni mtu mzima, akamwambia kwamba msaada ule ulikuwa mtego?

Mfano wa pili ni wa Siaya. Kati ya 2014 na 2017, shirika liitwalo GiveDirectly liliwapa watu wa huko fedha taslimu, kiasi cha dola 1,000 kwa kila nyumba, katika nyumba 10,500 hivi. Hawakuhubiriwa wala hawakupangiwa matumizi. Watabiri wa mabaya walisema kwamba fedha zingeishia vilabuni na bei za vitu zingepanda kupita kiasi. Wachumi waliochunguza vijiji 653 vya eneo hilo waliona kinyume chake. Bei zilipanda kidogo mno. Aliyepata fedha aliezeka nyumba, muuza mabati akapata, seremala akapata, na majirani ambao hawakupewa hata senti moja nao wakafaidika. Kila dola moja iliyoingia iliongeza kiasi cha dola mbili na nusu katika uchumi wa mahali pale. Haya yote yaliwezekana kwa kuwa aliyepewa ndiye aliyeamua.

Sasa tuitazame sura ya pili ya sarafu. Huko Kalokol, kando ya Ziwa Turkana, Norwei ilisaidia kujenga kiwanda cha kugandisha samaki mwanzoni mwa miaka ya 1980. Nia ilikuwa njema. Ukame ulikuwa umewaangamizia Waturkana mifugo yao, na ziwa lilikuwa na samaki tele. Lakini kugandisha samaki katikati ya jangwa kunahitaji umeme mwingi na maji safi mengi, navyo vyote viwili ndivyo vilivyoadimika. Kiwanda kilifanya kazi siku chache tu kikasimama. Katikati ya muongo huo, maji ya Ghuba ya Ferguson, palipokuwa na uvuvi mkubwa, yalipungua mpaka ghuba ikakauka. Kisha mwaka 1990 Kenya ikavunja uhusiano wa kibalozi na Norwei, na wafadhili wakafunga virago. Jengo likabaki, na watu wakaendelea kuanika samaki wao juani kama walivyozoea. Mfugaji aliyeambiwa awe mvuvi hakuwa ameulizwa kama angependa kuwa mvuvi. Na ziwa, ambalo wenyeji walijua kwamba hujaa na kupwa, halikuulizwa pia.

Msaada una sura nyingine ambayo walimu wa rika langu waliionja wenyewe, nayo ni masharti. Mwishoni mwa miaka ya 1980, Benki ya Dunia na Shirika la Fedha Duniani ziliisukuma Kenya kupunguza matumizi ya serikali, na sera ya kugawana gharama ikaingia shuleni na hospitalini. Mzazi akatakiwa alipie madawati, vitabu na majengo. Wangapi waliachia njiani? Jibu lilionekana mwaka 2003, serikali mpya ilipoondoa ada katika shule za msingi. Idadi ya wanafunzi ilipanda kutoka kiasi cha milioni 5.9 mwaka 2002 hadi milioni 7.2 katika mwaka mmoja tu. Watoto hao zaidi ya milioni moja hawakuzaliwa Januari ile. Walikuwako muda wote, wakichunga mbuzi, wakilea wadogo zao, au wakipara samaki ufukweni.

Lakini tusiishie kuwanyoshea wageni kidole. Mpango huo wa elimu bila malipo uliungwa mkono na wafadhili, miongoni mwao Uingereza na Benki ya Dunia. Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, Uingereza na Marekani zilisimamisha sehemu ya misaada yao baada ya kubainika kwamba fedha za wanafunzi zilikuwa zimefujwa humu humu nchini. Vitabu vya mtoto wa Kenya viliibwa na mtu mzima wa Kenya. Kikulacho ki nguoni mwako. Hivyo, masharti ya mgeni yalimtoa mtoto shuleni, na fedha za mgeni zikamsaidia kurudi, kisha mkono wa mwenyeji ukamnyang'anya daftari. Katika visa vyote vitatu, mzazi hakuwa na mahali pa kuuliza. Waliofanya uamuzi hawakuwajibika kwake.

Mtihani mkubwa kupita yote ulitufika mwaka 2025. Tarehe 20 Januari, Rais wa Marekani aliamuru misaada ya nje isimamishwe kwa siku 90 ili ikaguliwe, na kufikia tarehe 1 Julai shirika la USAID lilikuwa limefungwa. Kwa zaidi ya miaka 20, tangu mpango wa Marekani wa kupambana na Ukimwi ulipoanzishwa mwaka 2003, Wakenya wanaoishi na virusi hivyo walikuwa wamepata dawa zao kwa sehemu kubwa kutokana na fedha hizo, na zaidi ya watu milioni moja walikuwa wakizitumia. Ghafla wahudumu wengi walisimamishwa kazi, kliniki zikafunga milango, na wagonjwa wakaanza kuhesabu vidonge vilivyobaki katika chupa.

Walikuwapo waliofurahi. Walisema kwamba sasa Mwafrika atajifunza kusimama kwa miguu yake. Maneno hayo ni mepesi kwa mtu ambaye uhai wake hauko ndani ya chupa ya vidonge. Hufundishi mtu kuogelea kwa kumtosa baharini usiku. Msaada unaokatwa kwa siku moja haumfundishi mtu kujitegemea, bali humwadhibu yule aliye mnyonge kuliko wote kwa kosa la wapangaji wawili, yule aliyetoa bila kuandaa siku ya kuondoka, na yule aliyepokea bila kuandaa siku ya kuachwa. Serikali yetu, pamoja na nyingine za Afrika, iliahidi huko Abuja mwaka 2001 kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa ajili ya afya. Kenya haijalifikia lengo hilo. Kwa miaka yote hiyo tuliona ni rahisi zaidi kuacha dawa za wagonjwa wetu ziwe hisani ya wapiga kura wa nchi nyingine, ambao hawatujui na ambao walikuwa na haki ya kubadili nia.

Tarehe 4 Desemba 2025, Kenya na Marekani zilitia sahihi mkataba mpya wa afya wa miaka 5. Marekani iliahidi kutoa hadi dola bilioni 1.6, na Kenya ikaahidi kuongeza dola milioni 850 katika matumizi yake yenyewe. Hatua hiyo ya pili naipongeza, maana ndiyo ingalipaswa kuchukuliwa zamani. Hata hivyo, haikupita muda mrefu kabla ya raia kukimbilia Mahakama Kuu wakihoji kuhusu taarifa za wagonjwa ambazo mkataba huo ungeruhusu zitolewe. Wananchi hao walifanya jambo jema. Waliuliza mapema, kabla ya kibao kusimikwa: ni nani mwenye hiki, na tutamwandikia nani barua?

Nirudi sasa Lamu, kwani huko nako ipo mifano ya njia iliyo bora. Kiunga, iliyoko bara karibu na mpaka wa Somalia, shirika la Marekani liitwalo GivePower lilijenga mwaka 2018 mtambo unaotumia nguvu za jua kuyatoa chumvi maji, wenye uwezo wa kutoa lita 75,000 kwa siku. Katika mpango huo maji huuzwa kwa bei ndogo ili fedha ziugharimie mtambo wenyewe. Msomaji makini atauliza kama sijipingi, maana nimesifu vyandarua vilivyotolewa bure, na sasa nasifu maji yanayouzwa. Sijipingi. Chandarua hakihitaji fundi wala vipuri. Kikifika kitandani, kazi yake imekwisha kuanza. Mtambo wa maji unahitaji fundi leo, kesho na mwakani, na fundi hula. Kipi kitolewe bure na kipi kichangiwe ni jambo la kupimwa kwa asili ya kitu chenyewe na uwezo wa watu, wala si kwa itikadi ya mtoaji.

Mfano mwingine ni wa Safari Doctors, shirika lililoanzishwa mwaka 2015 na Umra Omar, binti wa Lamu, ili kuwapelekea matabibu kwa mashua watu wa vijiji vya mbali vya Lamu Mashariki. Fedha zake hutoka kwa wahisani, wengi wao wa nje. Lakini aliyeuona upungufu ni mwenyeji, na lugha anayozungumziwa mgonjwa ni lugha yake. Mama mjamzito akiachwa bila kuhudumiwa, anajua ni nani wa kumlaumu, na anaweza kukutana naye sokoni. Aibu hiyo ya kukutana sokoni ni mkaguzi bora kuliko ripoti nyingi zinazoandikwa mijini.

Najua kwamba yupo atakayenijibu kuwa mwenye kiu haulizi jina la mwenye mtungi. Ni kweli, na mimi sisemi mtu wa Ndau akatae maji mpaka mkataba usomwe. Nasema kwamba sisi tusio na kiu, tuliosoma, tunaoketi kwenye kamati na kutia sahihi, hatuna udhuru wa kutouliza. Azimio la Arusha la 1967 lilionya kwamba fedha si msingi wa maendeleo, na kwamba nchi inayotegemea zawadi na mikopo huuhatarisha uhuru wake. Katika muongo uliofuata, Tanzania hiyo hiyo ikawa miongoni mwa nchi za Afrika zilizopokea misaada mingi kabisa. Hilo silisemi kwa kejeli. Nalisema ili tuone kwamba azimio peke yake halitoshi, na kwamba kujitegemea ni kazi ya kila mwaka wa bajeti.

Na hapa ndipo ninapofikia deni letu wenyewe. Katiba ya Kenya ya 2010, katika kifungu cha 204, ilianzisha Mfuko wa Usawazishaji. Nusu ya asilimia moja ya mapato ya serikali ya taifa hutengwa kila mwaka kwa ajili ya maji, barabara, vituo vya afya na umeme katika sehemu zilizoachwa nyuma, ili huduma za huko zilingane na za kwingineko. Tume ya Ugavi wa Mapato ilipotaja kaunti 14 za kwanza kustahili fedha hizo, Lamu ilikuwamo. Fedha hizo hazikutoka kwa mfadhili yeyote. Ni haki iliyoandikwa na kupigiwa kura. Lakini utoaji wake umekuwa wa kusuasua na wa kuchelewa, na Katiba yenyewe iliupa mfuko huo miaka 20 tu tangu Agosti 2010, isipokuwa Bunge liurefushe. Mwaka 2030 hauko mbali. Je, tutautetea kwa nguvu ile ile tunayoitumia kuwasubiri wageni?

Serikali iliyoweza kuwakataza wavuvi wa Lamu kuvua usiku kwa miaka kadhaa katika muongo wa 2010, kwa ajili ya usalama, ilijua vyema njia ya kuvifikia visiwa hivyo. Yapasa iijue njia hiyo hiyo inapokuwa na jambo la kutoa.

Walimu wenzangu, mjadala ule wa shuleni naomba tusiufute, bali tuugeuze. Badala ya kuwauliza wanafunzi kama misaada ni mizuri au mibaya, tuwapeleke penye kibao kilicho karibu na shule yao, kwani hakuna wilaya isiyokuwa na kibao, kisha tuwape maswali matatu. Kwanza, ni nani aliyeulizwa kabla ya kitu hiki kuletwa? Pili, kikiharibika, ni nani atakayekitengeneza, kwa fedha gani? Tatu, kikikosa kutengenezwa, ni nani atakayejibu, na anapatikana wapi? Mwanafunzi atakayerudi na majibu hayo katika daftari lake atakuwa amejifunza uchumi na uraia kwa pamoja. Na huenda miaka 20 baadaye yeye ndiye atakayeketi mezani, mkataba ukiwa mbele yake na kalamu mkononi.

Wahenga walisema kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini. Hawakusema kwamba ndugu asisaidie. Ndugu na aje, na saruji yake na ailete, lakini jabia tulijenge pamoja, na siku atakapopanda boti kurudi kwao, fundi awe anaishi kijijini na ufunguo uwe mfukoni mwa mwenyeji. Na yule mzee wa Ndau, siku mfereji utakapokauka, awe na mtu wa kumwendea mlangoni na kumwita kwa jina.